Wote Wawili Katikati

"Mmoja wenu ananidanganya," alisema yule afisa wa viza. "Au wote wawili."

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, wasomaji wapenzi. Mume na mke wamekaa bega kwa bega kwenye viti vya plastiki, baada ya kuhojiwa kila mmoja chumba chake. Mke ni yule mshona mapazia ambaye mtaa mzima unamwita Pazia. Mume ni fundi wa lifti aliyetoka nchi ya mbali, na mtaa huohuo, wakubwa kwa wadogo, unamwita Shemeji, kana kwamba kaoa dada zao wote.

Afisa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake cha shingo.

"Nimemwuliza mume unalala upande gani wa kitanda. Kasema katikati. Nikamwuliza mke. Naye kasema katikati." Akaivaa tena ile miwani ili awaone vizuri. "Sasa niambieni. Huyo mwingine analala wapi? Darini?"

Shemeji akacheka. Alipogundua anacheka peke yake, akaacha.

Pazia akasogea ukingoni mwa kiti. "Mama, sisi tunalala kwa zamu."

"Kwa zamu! Kitanda hicho ni lindo la benki?"

"Baba yangu alipigwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili umekufa, na mdomo hausemi. Usiku lazima ageuzwe kila mara. Asipogeuzwa ngozi inaoza. Basi mmoja wetu anakaa naye, mwingine analala, halafu tunabadilishana. Tangu Baba augue, mimi na mume wangu hatujawahi kukutana kitandani."

"Ukilala peke yako unalala katikati," Shemeji akaongeza. Lugha yetu anaijua, ila huitembelea kwa tahadhari kama mtu aliyevaa viatu vipya. "Mimi katikati. Yeye katikati. Godoro lenyewe limebonyea hapo hapo."

Afisa akapekua faili, ukurasa baada ya ukurasa.

"Humu hakuna baba mgonjwa," alisema. "Hayupo popote. Mbona amezaliwa leo?"

Hapo wote wawili wakainamisha vichwa.

Maana ushauri ulikuwa wa Kaka. Kaka yake Pazia, muuza vioo, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ndiye aliyewaambia siku walipoleta maombi: "Mgonjwa msimtaje! Mkimtaja watadhani mnataka kumbeba kwenye sanduku!" Kaka alikuwa anasaidia. Kaka siku zote alikuwa anasaidia.

"Tuliogopa," alisema Pazia.

"Kila anayekaa kwenye hicho kiti anaogopa," afisa akajibu, wala hakuwa mkali. "Shida yangu ni kwamba waongo nao wanaogopa vilevile."

Akaanza kulifunga faili. Shemeji akaweka kiganja juu yake. Kilikuwa kiganja kipana, chenye weusi wa grisi ulioingia kwenye mistari ya ngozi na kukataa kutoka.

"Njoo nyumbani," alisema. "Njoo uone kwa macho."

Afisa alikitazama kile kiganja mpaka kikajiondokea chenyewe.

"Alhamisi mchana," alisema mwishowe. "Nikimkuta huyo mgonjwa, na nikiona mnavyoishi naye, nitaandika nilichokiona. Nisipomkuta, mume ataondoka peke yake. Na maombi mengine msilete, maana jibu litakuwa lilelile."

Wakatoka nje kwenye jua. Shemeji akasema, "Si tumepata?" Pazia akaendelea kutembea. Alikuwa amejifunza kutofurahi mapema.

* * *

Kwa yule anayeishika hadithi hii leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi.

Kampuni iliyomleta Shemeji imemaliza kazi zake hapa. Lifti ya mwisho inapanda na kushuka, na kibali chake cha kuishi kinaisha pamoja na mwezi huu. Lazima aondoke. Pazia akikubaliwa kuwa mke wa kweli, wataondoka wote. Akikataliwa, ndoa yao itahamia kwenye simu, na sote tunajua ndoa za kwenye simu zinavyoishia: leo mtandao mbovu, kesho usingizi, keshokutwa hakuna aliyepiga.

Sanduku liko juu ya kabati. Pazia hulipanga, akalipangua. Ndani yake kuna koti zito alilonunuliwa na mumewe, zito kama mtu. Kila akilijaribu hujiona amebebwa mgongoni na mgeni asiyemjua.

"Cherehani litabaki," Shemeji alimwambia jioni ile walipotoka kuhojiwa. "Ni zito mno. Kule tutatafuta jingine."

"Kule watu wanatundika mapazia?"

"Wanatundika. Mazito. Baridi inaingia dirishani."

"Basi njaa haitatuua," alisema Pazia, ila sauti ilikuwa ya mtu anayesoma tangazo.

Walikuwa wamesimama huku na huku ya kitanda cha Baba. Kilikuwa kitanda cha chuma, kimewekwa sebuleni kwa sababu mlango wa chumbani ni mwembamba. Mzee huyu alikuwa kinyozi maisha yake yote. Aliwahi kusema amezishika kichwani familia zote za mtaa ule, na hakuna aliyethubutu kutikisika. Sasa alikuwa analala chali, mdomo umevutwa upande mmoja, na vitu pekee vilivyobaki vizima ni jicho lake la kinyozi na mkono wa kushoto. Kwa mkono huo alikuwa akizungumza. Kidole chenye pete kiligonga chuma cha kitanda: mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Mzee," Shemeji akainama. "Lifti imefika. Tunapanda?"

Ting.

Chini ya Baba palikuwa na shuka ambalo hulikuti dukani. Pazia alilishona mwenyewe kwa vipande vya kitambaa cha pazia, kile kigumu cha kumbi za mikutano, akalitia mishikio pembeni kama ya kikapu. Bila shuka lile mtu mmoja hawezi kumgeuza Baba. Akimvuta, anamchubua. Kwa shuka lile hata Pazia peke yake anaweza, na wakiwa wawili hawahesabu wala hawaambiani. Yeye hushika mshikio wa bega, mumewe wa nyonga. Wanavuta pumzi, wanainua, Baba analalia ubavu, mto unaingia nyuma ya mgongo, mwingine katikati ya magoti.

"Milango inafungwa," Shemeji akasema, akimfunika.

Nusu ya mdomo wa Baba ikacheka. Nusu nyingine haikuwa na habari.

Mpango ulikuwa kwamba wao wakiondoka, Baba atahamia kwa Kaka, na Shangazi, dada yake Baba, atamhudumia kama anavyomhudumia mchana, Pazia na Shemeji wakiwa kazini. Kaka alikuwa anakuja kila Jumapili kufundishwa kumgeuza na kumnywesha. Alikuwa anakuja amechelewa, anamtazama baba yake, machozi yanamlenga, anasema, "Nimeelewa, nimeelewa," halafu anakwenda zake. Na siku moja, wakishatulia huko ughaibuni, wangejaribu kumchukua Baba. Hilo la mwisho walilisema mara chache. Lilikuwa kama sahani nzuri ya kabatini, ukiitoa kila siku utaivunja.

Kulikuwa na swali moja ambalo Pazia hakuwahi kumwuliza baba yake. Alimwuliza kama ana kiu, kama mto umekaa vizuri, kama anataka kunyolewa na Shemeji au na yeye. Swali la "Baba, niende?" lilifika kooni mara nyingi likarudi.

Aliogopa ule mlio wa pili.

* * *

Alhamisi, Pazia alikwenda kutundika mapazia kwenye ukumbi mmoja, Shemeji akaenda kukabidhi funguo za mitambo. Waliomba ruhusa ya mchana, wakakutana getini wakihema.

Pazia alijua kuna jambo kabla hata hajagusa mlango. Nyumba haikunuka.

Haikunuka dawa, haikunuka mafuta ya kuchulia, haikunuka ile harufu nyingine ambayo alikwisha kuizoea mpaka akaisahau. Ilinuka manukato ya kupuliza.

"Ingieni, maharusi wangu!"

Shangazi alikuwa amesimama sebuleni, mikono ameipanua, kitambaa kichwani amekifunga kama mtu aendaye vitani. Sakafu ilikuwa inang'aa. Kwenye meza palikuwa na maua ya plastiki. Ukutani, picha ya harusi yao ilikuwa imekuzwa mpaka pua ya Shemeji ikawa kubwa kama kiatu.

Pale kilipokuwa kitanda cha chuma palikuwa patupu.

"Njooni muone!" Shangazi akawavuta hadi chumbani. Kitanda kipya kilijaza chumba kizima, kipana kama uwanja. Juu yake mito miwili, foronya zimetariziwa kwa uzi mwekundu. Moja imeandikwa MUME. Nyingine imeandikwa MKE.

"Kila mtu na upande wake," Shangazi alisema. "Aje sasa huyo mama aulize!"

"Shangazi. Baba yuko wapi?"

"Kwa kaka yako. Tumempakia asubuhi kwenye gari la vioo, taratibu, kama kioo chenyewe. Kitanda chake cha chuma kiko uani. Usinishukuru."

"Shangazi! Afisa anakuja kumwona Baba!"

"Anakuja kuona ndoa, wee mtoto. Mgeni wa heshima unamwonyesha mgonjwa? Unamwonyesha ndoo? Nani aliyekulea wewe?"

Pazia akataka kumjibu, akakumbuka maneno yake mwenyewe. Alimwambia Shangazi: "Afisa anakuja kuona tunavyoishi." Basi. Alikuwa amechoka, alidhani inatosha. Na Shangazi, aliyepokea wageni maisha yake yote kwa kuficha kila kilichochakaa, alimsikia vizuri kabisa.

"Na Baba alikubali?"

"Tulimwuliza. Mzee, tukupeleke kwa mwanao ili watoto wapate safari yao? Akagonga mara moja. Kwa nguvu! Nikashtuka hata mimi."

Shemeji alikuwa ameshika simu. "Napiga kwa Kaka. Amrudishe sasa hivi."

"Shuka lake mmelichukua?" Pazia aliuliza. "Lile lenye mishikio?"

"Lile gunia? Nimeliloweka. Lilikuwa linatia aibu."

Kabla simu haijapokelewa, mlango ukagongwa.

* * *

Afisa aliingia peke yake. Alitembea polepole, mikono nyuma, akatazama maua, akaitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Shangazi akamkaribisha kwa maneno matamu yasiyo na kituo. Afisa alimsikiliza mpaka akaishiwa.

Kisha akaenda chumbani, akaketi kwenye ukingo wa kitanda kipya. Kitanda kikalia: kwacha, kwacha. Godoro lilikuwa bado ndani ya nailoni.

Afisa aliugeuza mto wa MUME, akausoma, akaurudisha mahali pake kwa adabu.

"Niwaambie kitu," alisema. "Nimeingia nyumba nyingi za ndoa za uongo. Zote ziko hivi. Safi. Maua. Picha kubwa. Kitanda kipya." Akainuka. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Kwa kaka yangu," Pazia akasema. "Wamempeleka leo asubuhi. Hatukujua. Mama, nakuapia, hatukujua."

"Leo asubuhi. Siku ninayokuja kumwona."

"Shangazi alitaka..." Lakini angesema nini? Alitaka tupendeze? Pazia alikimbilia uani, akachovya mikono kwenye beseni, akarudi sebuleni amebeba lile shuka, maji yanamwagika kwenye sakafu iliyopigwa msasa wa upendo.

"Hili hapa! Ndilo tunalomgeuzia! Tazama mishikio, nimeishona mwenyewe, tazama!"

Afisa alilitazama.

"Naona shuka limelowa," alisema, na huruma iliyokuwa kwenye sauti yake ndiyo iliyomvunja Pazia kuliko maneno.

Shangazi alikaa chini taratibu. Ndiyo kwanza alikuwa anaelewa alichokifanya. "Mama mkubwa," alianza, "kosa ni langu, mimi ni mjinga tu wa..." Lakini kila alivyojieleza, ndivyo uongo ulivyozidi kunoga. Nani asiyejua kwamba familia hujifunza maneno pamoja?

Simu ya Pazia ikalia.

Alikuwa Kaka. Ile sauti iliyozoea kujaza duka zima ilikuwa imepungua ikawa ya mtoto.

"Mdogo wangu. Nimempa maji."

"Maji gani, Kaka?"

"Alikuwa anaiangalia glasi. Nikajua ana kiu. Nimempa maji, naye alikuwa amelala chali."

Kichwa kiinuliwe kwanza. Mto wa pili, kidevu kishuke, kijiko kidogo kidogo, subiri ameze. Kila Jumapili. Nimeelewa, nimeelewa.

"Anakohoa?"

"Alikohoa. Sasa hakohoi. Anakoroma, na midomo imekuwa na rangi siipendi. Gari la wagonjwa tumeliita. Mdogo wangu, njoo."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, wote walisikia. Afisa alisikia pia.

"Imekuja wakati mzuri hiyo simu," alisema taratibu.

Pazia alimgeukia. Hata hasira hakuwa nayo. Akamtafuta mumewe ili yeye aseme, naye hakuwepo. Mlango ulikuwa wazi. Shemeji alikuwa ameshatoka.

Afisa alitazama mlangoni. Pale kizingitini, juu ya zulia jipya la Shangazi, vilikuwa vimebaki viatu vya Shemeji, vile vizito vya kazini, kimoja kimelala ubavu.

Akainama akaviokota.

"Ingieni kwenye gari langu," alisema.

* * *

Walimpita barabarani, anakimbia pembeni ya maduka, soksi zimechanika, watu wanampisha na kumcheka. "Shemeji, umefumaniwa?" mmoja alipiga kelele. Gari likasimama, akaingia bila kuuliza ni la nani. Lile shuka bichi lilikuwa mapajani mwa Pazia, maji yakamwingia hadi kwenye ngozi.

Kaka alikuwa amempa baba yake chumba chake mwenyewe, chumba bora kuliko vyote, nyuma ya duka. Vioo vikubwa vilikuwa vimeegemezwa ukutani, na kila aliyeingia alijiona anaingia mara nyingi. Kitanda kilikuwa cha mbao nzito. Baba alikuwa amelala chali katikati yake, mdogo, kifua kinapanda kwa kukwama kama lifti yenye hitilafu.

"Nilitaka kumgeuza," Kaka alisema. Alikuwa amesimama kwenye kona, mikono yake mikubwa inaning'inia. "Nimeshindwa. Nilimvuta akaumia, nikaacha."

Pazia alikuwa ameshatupa shuka kitandani. Shemeji alikuwa ameshapanda goti upande wa pili. Walilipitisha chini ya Baba, yeye begani, mumewe nyongani, bila kutazamana, kama mikono miwili ya mtu mmoja. Wakavuta pumzi. Wakainua. Baba akalalia ubavu, mto ukaingia nyuma, mwingine katikati ya magoti. Maji kidogo yakatoka pembeni ya mdomo wake, na Shemeji akayafuta kwa mkono wa shati kabla hayajafika shingoni.

"Tunapanda, Mzee," alimnong'oneza. "Tunapanda tu. Usishuke."

Pumzi ya Baba ikalainika kidogo. Kidogo tu.

Afisa alikuwa amesimama mlangoni, viatu vya Shemeji bado mkononi mwake. Vioo vilimwonyesha wale wawili kwa pande zote, migongo yao, mikono yao, shuka lenye mishikio. Alisimama hapo mpaka Pazia akasahau kwamba yupo.

"Nimeona," alisema.

Pazia akageuka.

"Nimeona. Nitaandika nilichokiona. Safari yenu ni ya watu wawili." Akaviweka viatu chini, pamoja, kwa uangalifu, kana kwamba vinaweza kuvunjika. "Poleni," akaongeza, akatoka.

Basi habari njema iliingia hivyo, ndani ya chumba kile, na hapakuwa na mtu wa kuipokea. Shangazi alijifunika uso kwa ncha ya kitambaa. Kaka alianza kulia kwa sauti.

"Nilimwuliza," alisema. "Alipoanza kukoroma nilimwuliza, Baba, nimwite Pazia? Akagonga mara mbili. Nikamwuliza tena. Mbili. Kila nilipouliza, mbili! Alijua kwenu kuna mgeni. Hakutaka kuwaharibia. Mimi nikakaa, nikamtii, mdogo wangu, nikakaa hapa namtii mpaka nikaona anabadilika..."

Pazia alipiga magoti kando ya kitanda, uso wake sawa na uso wa baba yake. Lile jicho la kinyozi lilikuwa wazi. Lilimpitia usoni, kuanzia kwenye paji hadi kidevuni, kama alivyokuwa akipitia kichwa cha mteja kabla ya kumvua shuka na kumwambia ainuke.

Mbali, upande wa barabara kuu, king'ora kilianza kusikika.

"Baba," alisema. "Wamekubali. Wamesema nisafiri na mume wangu."

Jicho halikutoka usoni mwake.

Sasa lile swali likaja, na safari hii halikurudi.

"Baba, niende?"

Mkono wa kushoto ukatambaa juu ya shuka. Ukafika kwenye ubao wa kitanda. Ukainuka.

Ko.

Mara moja. Mlio mzito wa mbao, si ule wa chuma walioujua. Kaka akaacha kulia. Pazia akafumba macho, na kitu kilichokuwa kimemkaba kwa muda wote aliokuwa akilipanga na kulipangua lile sanduku kikaanza kulegea.

Akafumbua macho.

Mkono ulikuwa umeinuka tena.

Ulisimama hewani juu ya ubao, kidole kimekunjwa, pete inatetemeka. Ulikuwa unataka kushuka. Hakuna aliyejua ulitaka kushuka wapi, kwenye ubao au kwenye shuka, kwa kusema neno au kwa kuchoka. Ulianza kuanguka.

Shemeji akaudaka.

Aliudaka kwa mikono yote miwili, upesi, kama anavyodaka spana isidondoke kwenye shimo la lifti. Akaushikilia kifuani kwake. "Polepole, Mzee," alisema. "Nimekushika. Nimekushika."

Baba akashusha pumzi ndefu. Wote wakasubiri aivute tena.

King'ora kilifika nje ya duka kikazimwa ghafla, na kwenye kimya kile vioo vyote viliwaonyesha hivyohivyo walivyo: mtu mmoja kwenye kona, mmoja amejifunika uso, na wawili huku na huku ya kitanda, katikati yao mzee asiyevuta pumzi.

Pazia hakumtazama baba yake. Alimtazama mumewe, na zile kucha zake zenye weusi wa grisi zilizofumbata kidole chenye pete.

"Kwa nini umemshika mkono?" aliuliza.